Kinachokuja Baada ya Nzuri

"Hamjambo, Baraza," Chujio likasema.

"Hatujambo," wakajibu watu watatu kwa pamoja, na punje zikaanza kushuka.

Zilishuka nyuma ya ukuta wa kioo, kutoka darini hadi sakafuni, nyeupe kama mchele wa Kyela. Kila punje ilikuwa utafiti mmoja uliofanywa mahali fulani duniani. Zilizobeba wagonjwa wengi zilikuwa nene, zikaanguka kwa kishindo. Zilizobeba wachache zilielea kidogo kabla ya kutua. Kisha Chujio, mashine ya kupepeta tafiti za dawa, likaanza kuzitikisa, kama mama anavyopepeta kwenye ungo, na zile zilizoficha wagonjwa walioacha dawa njiani, au zilizohesabu waliopona tu, zikapeperuka pembeni pamoja na makapi.

Subilaga alikuwa amekikalia kiti chake cha Baraza tangu mvua za kwanza, na bado punje zikishuka alisahau kufunga mdomo.

"Funga, binti, nzi ataingia," akasema Mzee Ambindwile. "Na nzi wa Tukuyu anasikia baridi. Akiingia huko ndani hatoki tena."

Subilaga akafunga mdomo, akainama, akatabasamu akiwa ameinama vilevile. Alikuwa hajawahi kusema neno kwa sauti katika ukumbi ule.

Sheria ilitaka watatu. Dawa yoyote mpya, kabla haijaingia zahanati hata moja ya nchi, ilipaswa kupita kwenye Chujio, na Chujio lilikuwa halitoi hukumu mpaka watu watatu waliojua ugonjwa ule kwa miili yao au kwa nyumba zao waweke viganja juu ya sahani tatu za shaba zilizokuwa mezani. Wakubwa wa zamani walijaribu kuwaweka maprofesa peke yao kwenye viti vile, na Chujio likawa linajibu vizuri sana maswali ambayo hakuna mgonjwa aliyekuwa nayo. Ndipo likaundwa Baraza la Wenye Kuumwa.

Leo ilikuwa zamu ya selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Mzee Ambindwile, dereva mstaafu wa lori la maziwa, alikuwa amelea wajukuu wawili wenye selimundu na kumzika mmoja. Mama Tusekile aliuza ndizi sokoni, na sauti yake akinadi ilifika mpaka stendi. Binti yake Lugano alikuwa amelazwa wodini, upande wa pili wa ua. Na Subilaga aliumwa yeye mwenyewe. Ugonjwa ulimtoa shuleni darasa la nne, ukamlaza mara nyingi kitanda cha jirani na cha Lugano, na hapo ndipo Mama Tusekile alipomwona, akasikia maswali yake ya chinichini, akasema, "Huyu ana kichwa. Huyu anakwenda na mimi Barazani."

"Lakini hasemi," muuguzi alimwambia.

"Nitasema mimi."

Basi ndivyo walivyofanya kazi. Subilaga alinong'ona, Mama Tusekile akasimama, akavuta kitenge chake kiunoni, akaanza kwa maneno yaleyale kila mara: "Subi anasema..." Na hakuongeza wala kupunguza. Hata pale Subilaga aliposema jambo ambalo Mama Tusekile mwenyewe hakulikubali, alilitoa lote kama lilivyo, ndipo akasema, "Sasa mimi naona anakosea," watu wakacheka. Subilaga aliwaza mara nyingi kwamba hajawahi kuona mtu mwenye nguvu kama ile, ya kubeba neno la mwenzako bila kulimwaga.

Punje zikatulia. Rundo la chini likang'aa.

"Mbegu ya Utulivu," Chujio likasema. "Swali la kwanza: je, inazuia vipindi vya maumivu?"

Mbegu yenyewe ilikuwa ndogo, ikipandikizwa chini ya ngozi ya mkono. Ilionja damu mchana na usiku, na chembe za damu zilipoanza kujikunja kama mundu, iliachia dawa kabla mwenyewe hajasikia chochote.

"Inazuia," Chujio likajibu swali lake lenyewe. "Walioiweka walilazwa mara chache sana kuliko waliowekewa mbegu tupu, isiyo na dawa. Punje zote nzito zinakubaliana."

Mama Tusekile akafumba macho. Midomo yake ilicheza, Subilaga akajua anashukuru.

"Swali la pili: je, walioiweka walijisikia vizuri? Kila mshiriki alivaa pete iliyomuuliza hali yake kila jioni. Jibu liligeuzwa kuwa namba, sifuri hadi kumi. Washiriki wa Tukuyu ndio waliojisikia vizuri kuliko wote duniani. Karibu kumi juu ya kumi."

Mzee Ambindwile akapiga meza. "Si nilisema! Ni maziwa haya. Ni ndizi. Huko kwao wanakula nini, mikate? Jirani yangu Mbwiga alikuwa kwenye huo utafiti, siku hizi anaipua sufuria la moto bila kitambaa. Watoto wanamwita Mkono wa Chuma. Mzima kabisa yule!"

Hata Daktari Nkinda, aliyeongoza mapitio, akacheka. Alikuwa mwanamke mrefu kutoka Shinyanga, mwenye kicheko kinachoanzia tumboni, na alizoea kusema kwamba alikuja Tukuyu kwa mwaka mmoja na ukungu ukamficha njia ya kurudi.

Subilaga hakucheka. Alikuwa anatazama ile namba kwenye kioo. Alikumbuka jioni zake mwenyewe, na hakukumbuka hata wiki moja iliyokaribia kumi. Akamnong'oneza Mama Tusekile.

"Subi anasema," Mama Tusekile akasimama, "na wale wa Tukuyu waliowekewa mbegu tupu, wao walijisikiaje?"

"Karibu kumi juu ya kumi," Chujio likasema.

Daktari Nkinda akaacha kucheka. "Ngoja. Hata siku walizolazwa hospitali?"

"Hata siku walizolazwa."

Mvua nyepesi ilikuwa ikigonga mapaa yaliyojengwa kunasa ukungu uwe maji, na maji yalisikika yakishuka kwenye mabomba kuelekea matangi.

"Pete inawauliza kwa maneno gani?" daktari akauliza.

Chujio likatoa sauti ya pete. Ilikuwa sauti tamu ya kike, ya mtu wa nyumbani kabisa. "Habari za leo?"

Mzee Ambindwile akaangua kicheko mpaka akakohoa. "Nzuri!" akasema akijifuta machozi. "Nzuri! Wewe unatarajia nini? Mtu akusalimie umwambie mbaya? Hata maiti ingejibu nzuri, halafu ndio iulize jeneza liko wapi!"

"Na mimi asubuhi hii nimempigia mama yangu, nikamwambia nzuri," Daktari Nkinda akasema polepole, mkono shavuni, "na jino hili linaniua."

Waliotengeneza pete walitaka iwe na adabu. Walijifunza kwamba watu wa huku hawapendi kuulizwa maswali ya moja kwa moja na kitu wasichokijua, wakaipa salamu. Lakini huku salamu hujibiwa kwanza. Shida huja nyuma yake, baada ya mtu kupumua kidogo, baada ya "ila." Na pete, ikishapata neno lake la kwanza, ilikuwa inaandika namba na kuzima sikio la kuhesabu.

"Yaliyofuata yapo?" akauliza daktari.

"Yapo, yamefungwa," Chujio likajibu. "Hayakuhesabiwa."

* * *

Daktari Nkinda aliwaeleza bila kuwaficha, na Subilaga alimpenda kwa hilo. Alivuta kiti akakaa upande wao wa meza.

"Chujio linaweza kusikiliza majibu yote hadi mwisho, bila binadamu kusikia jina wala sauti ya mtu. Lakini hilo ni swali jipya. Na mnajua sheria yetu. Maswali yote tuliyaweka kabla Chujio halijasoma, kwa sababu anayeuliza baada ya kuona majibu anaweza kuchagua swali litakalompendeza. Tukiongeza swali leo, kikao kinavunjika. Punje zote zinarudi juu. Tunakaa tena baada ya kipupwe."

Wote walijua kipupwe maana yake nini. Baridi ya Juni na Julai ndiyo iliyojaza wodi. Ndiyo iliyomchukua mjukuu wa Mzee Ambindwile.

"Na tusipoongeza?" Mama Tusekile akauliza.

"Mnaweka viganja, hukumu inapita. Mbegu zitaletwa na kipanga keshokutwa." Kipanga ni kile chombo cha kuruka kilicholeta damu na dawa mlimani. "Kuhusu maumivu, hukumu ni ya kweli. Kulazwa hakukuhesabiwa na pete, kulihesabiwa na vitanda. Lakini swali litafungwa. Hakuna atakayefanya tena utafiti wa jambo lililokwisha kuamuliwa. Yaliyosemwa baada ya nzuri yatabaki humo ndani."

"Si tuwaambie watu wajihadhari tu?"

"Wajihadhari na nini, mama? Huenda ni macho. Huenda ni usingizi. Huenda si chochote, walikuwa wanalalamikia bei ya chai. Sijui. Hapa hakuna anayejua."

"Kiganja kimoja kikikosekana?" Mama Tusekile akauliza tena.

"Kikao kinavunjika."

Mama Tusekile akakunja mikono yake mipana juu ya meza. "Mimi nitaweka," akasema. "Daktari wa wodi ameniambia Lugano hawezi kupita baridi nyingine kama ya mwaka jana. Sitamdanganya mtu hapa. Nitaweka."

"Na mimi," Mzee Ambindwile akasema, bila mzaha safari hii. "Ninaye mmoja aliyebaki."

Hawakumtazama Subilaga. Walijizuia kumtazama, na hilo likamwelemea kuliko kama wangemtazama.

* * *

Mapumziko ya mchana Mama Tusekile alichukua chupa ya uji, Subilaga akabeba vikombe, wakatembea chini ya paa la kibaraza kuelekea wodini. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba.

"Sema," Mama Tusekile akasema mwishowe. "Naona shingo imekuvimba kwa maneno."

"Mbwiga," Subilaga akanong'ona. "Mkono wa Chuma."

"Amefanyaje?"

"Mama, mtu anaipuaje sufuria la moto bila kitambaa, kama vidole vyake bado vinasikia moto?"

Mama Tusekile alipiga hatua mbili zaidi kisha akasimama. Subilaga aliona kwamba ameelewa, na kwamba angependa sana kutoelewa.

"Huenda ana mikono migumu tu," Mama Tusekile akasema.

"Huenda."

"Huenda aliwekewa mbegu tupu."

"Huenda, mama."

"Basi kwa nini unaniambia mimi?" Sauti ile ya sokoni ikapanda, muuguzi mmoja akageuka kuangalia. "Ungenyamaza! Kila siku unanyamaza, leo ndio umepata mdomo? Wewe unaumwa, Subi. Unajua mifupa inavyokatwa kama kuni. Mbegu hii ni yako pia. Keshokutwa ungekuwa nayo mkononi, baridi ije na ukungu wake, wewe unacheka!"

Subilaga alishikilia vikombe kifuani. Yote yale yalikuwa kweli. Asubuhi, Chujio liliposema inazuia, aliona kitu ambacho hakuwahi kukiona: mwaka mzima mbele yake, usio na shimo katikati. Aliona hata shamba dogo la viazi. Sasa alikuwa anaombwa na moyo wake mwenyewe ayaache yote. Kisha akawaza watu wote wa mlimani, na wa mbali, kule wanakochoma samaki, kule wanakokaanga mihogo, wakinyoosha mikono kwenye mbegu bila kuambiwa.

"Nimekuambia wewe kwanza," akasema, na sauti ilikuwa ndogo mpaka Mama Tusekile alilazimika kuinama, "kwa sababu wewe ndiye unayenisemea. Sikutaka ulisikie neno langu mbele ya watu kama mgeni."

Mama Tusekile akamtazama kitambo. Akashika tena mshikio wa chupa, akaenda.

Lugano alikuwa amelala chali chini ya mablanketi mawili, dripu mkononi. Alikuwa msusi, na hata kitandani hakuweza kuona kichwa cha mtu akakiacha.

"Subi! Nywele hizo nani kakusuka, panya?"

"Nimesuka mwenyewe."

"Inaonekana. Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hujambo, mwanangu?"

"Sijambo."

Mama Tusekile alikuwa ameanza kumimina uji. Subilaga, aliyesimama miguuni pa kitanda, aliuona mkono wa Lugano ule usio na dripu. Ulikuwa umeshika chuma cha kitanda, na vifundo vyake vilikuwa vimepauka. Subilaga aliujua mshiko ule. Ulikuwa wake.

Uji ukajaa kikombe, ukamwagika juu ya kabati. Mama Tusekile hakuuona. Naye alikuwa anautazama ule mkono.

"Umesemaje?"

"Nimesema sijambo. Mama, uji!"

"Unaumwa?"

Lugano akageuza uso dirishani. "Mama, tangu alfajiri natamani miguu hii ingekuwa ya mtu mwingine."

"Sasa kwa nini unaniambia hujambo?"

"Umenisalimia," Lugano akasema kwa mshangao. "Ningejibuje?"

Mama Tusekile akakaa ukingoni mwa kitanda. Subilaga akachukua kitambaa, akafuta uji, kwa sababu hakujua afanye nini kingine. Na kisha, jambo ambalo hakulitegemea, Mama Tusekile akamweleza binti yake kila kitu. Pete. Salamu. Maneno yaliyofungwa. Mbwiga na sufuria. Kipupwe. Aliyasema yote sawasawa, bila kuongeza wala kupunguza, kama alivyozoea kusema maneno ya Subilaga.

Lugano akavitazama vidole vyake.

"Vikifa ganzi nitasukia nini, meno?" akasema. Kisha akacheka kidogo, na kicheko kikamuumiza, akakiacha. "Nisikilize, mama. Mimi nataka kuishi. Mngeniuliza, mkaniambia utaishi ila vidole vitakufa, ningesema leteni. Ningelia wiki nzima, ningesema leteni. Lakini ningesema mimi."

"Na tukisubiri, baridi ikija?"

"Sijui. Naogopa." Alimshika mama yake kiganja. "Usiniulize niamue hilo, mama. Mimi siko Barazani. Nyie ndio mmewekwa pale kwa ajili ya watu kama mimi, na mimi ni mmoja tu."

Kengele ya kikao ikalia kutoka ng'ambo ya ua. Mama Tusekile akainuka, akamfunika binti yake vizuri, akayapigapiga mablanketi kuzunguka miguu. Alitoka bila kumwangalia Subilaga, na chupa ya uji akaisahau.

* * *

Katika Baraza, mdogo ndiye aliyeweka kiganja kwanza. Hiyo nayo ilikuwa sheria, na aliyeitunga aliwajua watu wake. Wakubwa wakitangulia, mdogo husema sina la kuongeza, na kiti chake kinakuwa cha bure.

"Subilaga," Chujio likasema. "Weka kiganja ukikubali."

Sahani ya shaba ilikuwa mbele yake, imepashwa moto kidogo ili isiwashtue wagonjwa wa selimundu. Mtu fulani alikuwa ameufikiria hata ubaridi wa sahani. Aliipenda mashine ile. Alimpenda daktari, na mzee, na kazi yote ile ya kupepeta, ya watu wasiojuana duniani kote waliokubali kuumwa na kuhesabiwa ili mwingine asibahatishe. Na ilikuwa kwa sababu hiyo mikono yake ilibaki mapajani.

"Siweki," akasema.

Ilikuwa mara yake ya kwanza kusema kwa sauti pale ndani. Neno lilitoka limekauka.

"Eleza sababu kwa ajili ya kumbukumbu," Chujio likasema.

Akafungua mdomo. Hakuna kilichotoka. Aliona kioo, rundo la punje, na Daktari Nkinda ameinamisha kichwa akingoja kwa upole. Akageuka kwa mazoea upande wa kushoto, halafu akakumbuka, akaona aibu. Angemwombaje mama yule jambo hili? Angemwomba vipi azitumie nguvu zake kumwangusha mwanawe?

Lakini sikio la Mama Tusekile lilikuwa tayari limeinama, mahali pake pa siku zote.

"Haya," Mama Tusekile akasema taratibu. "Niambie."

Subilaga akanong'ona. Ilimchukua muda. Mama Tusekile akasikiliza mpaka mwisho, akasimama, akavuta kitenge kiunoni.

"Subi anasema," akaanza, na sauti yake ikajaa ukumbi, "kwamba hajui kilichomo baada ya nzuri. Huenda hakuna kitu. Anasema hata yeye anaitaka mbegu, anaitaka sana. Lakini wale wa kwenye pete walipumua, wakasema ila, na hakuna aliyewasikiliza, na sisi tulikaa hapa tukafurahia namba yao. Anasema tukiweka viganja, tutakuwa tumewasalimia tu. Anaomba wasikilizwe hadi mwisho. Anasema..." Hapo sauti ikakatika. Mama Tusekile akaipata tena. "Anasema anamwomba radhi Mama Tusekile, na Lugano."

Akabaki amesimama. Subilaga alingoja yale maneno mengine, sasa mimi naona anakosea. Aliyangoja kwa moyo wote. Yangekuwa haki yake.

Hayakuja.

Mzee Ambindwile alikuwa ametoa leso. "Kikao kimevunjika hata hivyo," akasema, akipenga. "Ila niandikieni na mimi sikuweka. Nisije nikaulizwa na mjukuu wangu nikaanza kumwambia habari za maziwa."

"Imeandikwa," Chujio likasema. Nyuma ya kioo punje zikaanza kupanda, moja moja, kama mvua inayorudi mawinguni. "Mama Tusekile. Wewe ndiye wa mwisho. Kabla ya kufunga, kwa kumbukumbu ya mlezi wa mgonjwa." Na likauliza kama lilivyouliza mwisho wa kila kikao, kwa sauti tamu iliyofunzwa adabu na watu walewale waliotengeneza pete: "Habari za Lugano leo?"

"Nzu..." Mama Tusekile akasema.

Akanyamaza. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Subilaga aliliona likikaa pale, limezoea njia, likitaka kutoka. Mikono ya Mama Tusekile ikashika ukingo wa meza mpaka vifundo vikapauka.

"Mbaya," akasema.

Taa ndogo ya Chujio ya kuhesabu iliwaka, ikataka kuzimika kama ilivyozoea baada ya neno la kwanza. Daktari Nkinda akanyoosha mkono haraka, akakibonyeza kitufe chake bila kukiachia, taa ikabaki inawaka.

"Endelea, mama," daktari akasema. "Linasikiliza."

Mama Tusekile akavuta kiti, akakaa karibu na kioo, kama mtu anayekaa jikoni kwa mwenzake.

"Mbaya sana," akasema. "Miguu inamuuma tangu alfajiri. Na anaogopa baridi. Na ni msusi, andika hilo pia, andika vidole vyake..."